Mjadala: Je, mfumo wa kupima utendaji unaweza kumwinua mtumishi ambaye mkuu wake hamjui?

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu, kwa sababu linawagusa watumishi wa umma wa Tanzania kila mwaka wa fedha unapoanza. Mwaka 2004 Serikali iliachana na taarifa za siri, ambazo mkuu wa kazi aliziandika bila mhusika kujua kilichosemwa juu yake, ikaleta OPRAS, mfumo wa wazi uliomtaka mtumishi na msimamizi wake wakae pamoja mwezi Julai na kukubaliana malengo, wayapitie katikati ya mwaka, kisha wayatathmini ifikapo Juni. Tangu mwaka wa fedha 2023/24 kazi hiyo imehamia katika PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa mtumishi kwa kompyuta. Hoja yangu ni kwamba kile kikao cha Julai, ambacho ndicho moyo wa jambo lote, hakiwezi kufanywa na mashine, na katika ofisi nilizopitia hakikufanyika.

Katika halmashauri moja niliyofanyia kazi alikuwapo mtunza kumbukumbu ambaye kwa miaka mitatu alinakili malengo yale yale, akibadilisha mwaka tu, na mkuu wetu alizisaini fomu zote asubuhi moja bila kuinua macho. Mama huyo ukimtajia mtaa, alikwambia jalada la kiwanja liko rafu gani na limefungwa kwa kamba ya rangi gani. Mkuu mpya alipokuja, alishinda naye masjala siku nzima akimtazama anavyofanya kazi, kisha akamkabidhi upangaji upya wa majalada yote ya ardhi pamoja na vijana wawili wa kuwafundisha. Mwananchi aliyezoea kuambiwa aje kesho kutwa akawa anapata jalada lake akiwa bado amesimama dirishani. Mshahara wa mama yule ulikuwa ule ule, na rafu zilikuwa zile zile.

Najua wapo watakaosema kwamba mkuu akiachiwa kumtazama kila mtu kwa namna yake, kujuana kutarudi, semina na safari zitakwenda kwa wapendwa wake, na kwamba takwimu ndizo kinga ya mnyonge. Hoja hiyo ni nzito, nami nisingependa turudi kwenye taarifa za siri. Lakini takwimu huonyesha kazi iliyokwisha kufanyika. Hazimwambii mkuu kwamba mhasibu anayechelewesha taarifa zake ndiye anayewaelekeza wageni wa ofisi kwa subira kuliko wote.

Kwa hiyo napendekeza msimamizi naye apimwe: aeleze kwa maandishi kila aliye chini yake ana uwezo gani na amempa kazi gani ya kuukuza, na mhusika ayasome maelezo hayo na kuyasaini. Kinachonisumbua ni mwalimu mkuu mwenye walimu 40 na vipindi vyake mwenyewe vya kufundisha, kwa sababu saa moja kwa kila mwalimu ni wiki nzima ya kazi. Je, apunguziwe vipindi, au jukumu hilo lishushwe kwa wakuu wa idara? Walio katika nafasi hiyo naomba waanze kuchangia.