Ofisi ya taaluma: tuhamie LibreOffice, Google Docs, au tubaki na Microsoft Office?

Mwalimu wa Taaluma: Ndugu zangu, habari za kazi. Ofisi yetu ina kompyuta 6, na leseni za Microsoft Office tunazolipia kila mwaka zinakaribia kuisha. Mkuu wa shule ameniagiza nipendekeze njia nyingine. Tunatunga mitihani, tunaandika barua na tunakokotoa matokeo. Naombeni uzoefu wa waliokwisha kuhama.

Fundi: Mwalimu, kwa barua na mitihani LibreOffice, programu huria ya ofisi isiyolipiwa, inatosha kabisa. Kinachowakatisha watu tamaa ni fonti. Faili iliyoandikwa kwa Calibri ikifunguliwa kwenye kompyuta isiyo na fonti hiyo, zinawekwa herufi za upana tofauti, mistari inasogea, na mchoro wa swali la 9 unaangukia ukurasa wa pili, mbali na swali lake. Yalinikuta kwenye mtihani wa Biolojia, usiku wa kuamkia siku yenyewe. Hakikisha kila mashine ina Carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule wa Calibri, na Caladea kwa ajili ya Cambria.

Mhasibu wa Saccos: Namheshimu fundi, lakini upande wa hesabu nina tahadhari. Daftari letu la mikopo lilijengwa kwa makro za VBA (amri za kujiendesha ndani ya Excel), ambazo Calc, programu ya majedwali ya LibreOffice, inazitekeleza kwa sehemu tu: tulipobonyeza kitufe cha kukokotoa riba, ulitokea ujumbe wa kosa. Tulilazimika kubakiza mashine moja yenye Excel, na hadi leo ipo. Google Docs ni nzuri pale watu kadhaa wanapohariri faili moja, ila kufanya kazi bila intaneti kunataka maandalizi ya mapema.

Msimamizi wa Mifumo: Jiji la Munich lilihamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenye programu huria, ikiwemo Linux badala ya Windows, likamaliza mwaka 2013, kisha mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Hata hivyo, mwaka 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, hukohuko Ujerumani, lilitangaza kuhamia LibreOffice katika kompyuta zipatazo 30,000. Kwa hiyo inawezekana, mradi watumishi wafundishwe na nyaraka zipangwe. Za ndani zihifadhiwe kwa ODF, muundo wa faili wa LibreOffice ambao ni kiwango cha kimataifa cha ISO tangu 2006. Zinazotoka nje bila kuhitaji kuhaririwa zitumwe kwa PDF.



Mwalimu wa Taaluma: Nashukuru sana. Jedwali letu halina makro. Lina fomula za SUM, AVERAGE na RANK tu (jumla, wastani na nafasi). Nitapendekeza mashine 5 zihamie LibreOffice, moja ibaki na Microsoft Office.

Fundi: Hizo zote zipo kwenye Calc. Anza na nakala ya matokeo ya muhula uliopita, ulinganishe nafasi za wanafunzi mmoja mmoja, hasa waliofungana, ndipo uziache leseni za mashine hizo 5 ziishe.