Kuku wana minyoo: mwarobaini, mbegu za papai au tumbaku?

Mfugaji_Sikonge
Wakubwa shikamooni, wa rika langu poleni na majukumu.

Nipo Sikonge, Tabora, nafuga kuku wa kienyeji. Tangu mvua zikolee, wale wanaokua wamekonda, kifua kimebaki mfupa na upanga umepauka, ila kula wanakula vizuri tu. Juzi kafa mmoja, nikampasua. Utumbo mwembamba umejaa minyoo mirefu myeupe kama tambi, sehemu moja imeziba kabisa.

Duka la dawa za mifugo liko mbali na wateja wangu wa mayai hawataki kusikia habari za dawa, ndiyo maana naulizia miti shamba. Jirani anasema niloweke jani la tumbaku kutoka kwenye bani lake (banda la kukaushia tumbaku) niwanyweshe. Mama mkwe yeye ni mwarobaini tu. Nani kajaribu, na kipimo ni kipi?

Babu_Kuchi
Tumbaku usiguse. Jirani hakudanganyi, wazee walitumia, na hata Marekani zamani unga wa tumbaku ulichanganywa kwenye chakula cha kuku kwa kazi hiyohiyo. Shida ni nikotini. Inapooza mnyoo, ikizidi kidogo inampooza na kuku: anatetemeka, pumzi inakata, kwisha habari. Majani ya juu ya mche ni makali kuliko ya chini, sasa wewe na kikombe chako cha chai utapimaje? Levamisoli ya dukani inapooza minyoo kwa njia hiyohiyo, ila yenyewe kipimo chake kinajulikana.

MamaVifaranga
Mdogo wangu, mimi huku Kasulu natumia mbegu za papai lililoiva. Naanika kivulini, natwanga, nachanganya na pumba asubuhi kabla hawajatoka kuparua, wakiwa na njaa. Kijiko cha chai kwa kuku mkubwa, siku tatu mfululizo, kisha narudia baada ya wiki mbili. Minyoo naiona kwenye kinyesi. Yote haitoki, nisikudanganye. Mbegu za maboga mbichi nazo natwanga hivyohivyo.

Mwarobaini sikuupenda. Maji yanakuwa machungu, kuku wanagoma kunywa, na kwa jua la Oktoba kuku asiyekunywa hafiki jioni.

Mgeni_Nzega
Mama mkwe akisoma hapa umekwisha 😂

Bwana_Mifugo
Mkuu, utumbo ukishaziba hapo si pa kuanzia na papai. Mpaka umeiona hivyo, na wengine bandani wamebeba. Shusha mzigo kwa dawa kwanza, miti shamba ije baadaye kusaidia usirudi. Piperazini inatosha kwa minyoo hiyo mikubwa ya duara. Ila tegu, minyoo bapa, dawa hiyo haiwagusi, kwa hiyo ukiona vipande vyeupe bapa kwenye kinyesi, sema tukuelekeze dawa nyingine. Soma kibandiko ujue mayai yasiliwe kwa siku ngapi, wateja wako uwaambie ukweli. Na kama chanjo ya kideri imekaribia, toa minyoo kwanza. Ukiona kinyesi chenye damu, hiyo huenda si minyoo, usiwape mbegu ukasubiri.

Sasa kikubwa chenyewe. Yai la mnyoo likitoka na kinyesi halimdhuru kuku siku hiyo. Linahitaji joto na unyevu kwa wiki mbili hivi ndipo kiluwiluwi kikomae ndani yake. Kuku akilidonoa hapo, baada ya wiki tano hadi nane mnyoo mpya unataga. Ndiyo maana masika yanawamaliza. Ukitoa matandazo yote kila wiki, unayaondoa mayai kabla hayajaiva. Vyombo vya chakula viinue visikanyagwe. Vifaranga watenge na wakubwa, maana walio chini ya miezi mitatu ndio wanaoumia zaidi. Mkubwa anabeba minyoo na bado anataga.

Mlonge na mchicha wape, kwa sababu ya vitamini A. Kuku aliyepungukiwa vitamini hiyo minyoo inamshinda upesi.

Mfugaji_Sikonge
Asanteni sana. Banda langu ni la udongo. Nikimwaga majivu si inatosha?

Bwana_Mifugo
Majivu yanakausha, ambayo ni nafuu, lakini ganda la yai la mnyoo ni gumu, halifi kwa majivu. Kwangua udongo wa juu, weka mpya, ushindilie. Ulioutoa uchome au ufukie mbali, usiumwage kwenye bustani ambako kuku wanaparua.

MamaVifaranga
Na paa likivuja ziba kwanza, la sivyo unakwangua bure.

Mfugaji_Sikonge
Nimewaelewa. Jumamosi nashuka dukani kwa piperazini, papai lipo nyuma ya nyumba. La mwisho: watoto wanaogopa kula kuku wetu, hii minyoo inahamia kwa mtu?

Bwana_Mifugo
Hii haihamii, ni ya ndege. Mzima ukimchinja, toa utumbo, pika vizuri, kula. Aliyejifia mwenyewe msile, mfukie.