Tupeane uzoefu: Wazazi wametoka nje ya nchi, wewe wa kwanza kwenu kukanyaga chuo

Mwana wa Chogo
Wakuu, leo asubuhi stendi ya Kange, Tanga, nimeona vijana na magodoro yamefungwa kamba, nikakumbuka mwaka wangu wa kwanza. Kwetu Chogo, Handeni. Sisi ni wale Wazigua tuliorudi kutoka Somalia, babu zetu walipelekwa utumwani karne ya 19. Chuoni naitwa Msomali, Wasomali wenyewe hawanitambui. Wazigua wa Handeni nao wananicheka, eti Kizigua changu cha bibi kizee. Nyie ilikuwaje?

Kambi ya Mkonge
Umenitonesha. Mama alikuja kutoka Burundi akiwa mgongoni, babu akiwa manamba, kibarua wa shamba la mkonge. Mimi nimezaliwa kambini, Muheza. Fomu ya mkopo ilitaka cheti cha kuzaliwa, kwenda kukifuatilia karani akaniuliza kwa sauti, foleni nzima inasikia: "Kwani nyie Watanzania?" Toka hapo hosteli nikajiita Mbondei. Mama ntilie wa pale getini akanisemesha Kibondei, nikabaki nacheka kama zuzu.

Lakini hiyo si kitu. Usiku mmoja tuko wanne chumbani, mama kapiga. Kisimu changu kilikuwa kinatoa sauti nje nje. "Mwana wanje!" Kirundi hicho, yaani mwanangu. Kimya. Nikakata, nikasema huyu kakosea namba. Mama aliyeuza mbuzi wake wote wawili nipate nauli na ada ya kuanzia. Sikulala. Tangu siku ile hakupiga tena, akawa anabip tu, anasubiri nitoke nje nimpigie. Wala hakuniuliza kwa nini.

Binti Ngamiani
Daah. Nimeacha kumenya vitunguu.

Mdigo Asilia
Mnakuza mambo. Umezaliwa Muheza, uhamiaji gani huo? Tanga hii nani hakuja? Hata mkonge wenyewe kauleta Mjerumani 1893.

Kambi ya Mkonge
Mkonge haujaulizwa cheti cha baba yake.

Mwana wa Chogo
😂😂 Mdigo kaa hapo.

Mdigo Asilia
Sijasema vibaya, ila mwenzenu mama yangu Mdigo wa Vanga, Kenya. Nimekaa kimya miaka yote.

Binti Ngamiani
Kumbe!

Fundi Chuda
Kwa wanaoanza: jiandikisheni timu ya mpira. Ukifunga goli hakuna wa kukuuliza kabila.

Mama Wawili
Na asiyejua mpira? Sema siku ya kwanza, wakucheke wiki moja waishiwe.

Fundi Chuda
Subiri kwanza bumu, hela ya mkopo, liingie ndiyo useme. Mwenye hela hana kabila.

Mama Wawili
Ndiyo maana ulidisko wewe, ukafeli chuo kikakuondoa. Mwanangu pikeni ubwabwa chumbani, undugu utakuja wenyewe na sahani.

Binti Ngamiani
Kambi, samahani. Mama yupo?

Kambi ya Mkonge
Yupo Muheza. Nimemnunulia simu, namwekea salio, namwambia apige tu. Hataki. Anabip.