Ripoti za mapitio ya kozi vyuoni: zitolewe hadharani au zibaki ofisini?

Mwera: Assalamu alaykum. Kwa kawaida kila baada ya miaka 5 hivi, idara ya chuo kikuu huipitia kozi yake upya. Huandika ripoti ya kujitathmini, wataalamu wa nje huja siku mbili tatu, kisha mtaala hupitishwa na kitivo na Seneti, yaani baraza la taaluma la chuo, na kupelekwa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), ambayo mamlaka yake yanafika huku kwetu kwa kuwa elimu ya juu ni jambo la Muungano. Mzazi aliyeuza karafuu ili mwanawe asome haoni hata ukurasa mmoja. Mimi nataka ripoti zitolewe, na zaidi sehemu tatu: wangapi walioanza na wangapi waliomaliza kwa wakati, wahitimu wako wapi, na jedwali la marekebisho lenye cheo cha mhusika na tarehe.

Darajani: Wa alaykumu salaam. Napinga. Ripoti ya kujitathmini ina faida pale tu idara inapokiri. Ikiandika "darubini 6 kwa wanafunzi 40, vitendo vinafundishwa ubaoni", mtathmini anajua pa kushika. Idara hiyo hiyo ikijua kuwa vyuo vinavyogombania wanafunzi nao vitaisoma, itaandika "vifaa vipo ingawa havijatosheleza". Sentensi hiyo hainunui hata darubini moja.

Mwera: Ulaya wanachapisha. Viwango vyao vya ubora wa elimu ya juu, vilivyopitishwa Yerevan, Armenia, mwaka 2015, vinataka ripoti kamili za wataalamu zichapishwe na zisomeke na yeyote.

Darajani: Soma vizuri, ndugu yangu. Hicho ni kifungu 2.6, kinahusu tathmini za nje. Mapitio ya ndani yako 1.9, na hapo kinachodaiwa ni kuwa hatua zilizopangwa au zilizochukuliwa zielezwe kwa wote wanaohusika. Jedwali lako la marekebisho, sawa, litoke. Kukiri kwa idara kubaki ndani.

Mchangamdogo: Nyote mnabishania karatasi kabla ya kuuliza imejazwa vipi. Kozi moja ikisomeshwa Unguja na Pemba, takwimu zikichanganywa, udhaifu wa upande mmoja unafunikwa na nguvu ya mwengine. Kila jedwali ligawiwe kwa kampasi: walimu wa kudumu na wa muda, vitabu, saa za maabara zilizofanyika kweli, waliofeli kila somo. Na watathmini wavuke bahari. Wakishazungumza na wanafunzi wa Pemba kwa skrini, mkuu wa idara akiwa chumbani, watasikia shukrani tu. Wakae na wanafunzi peke yao, wachaguliwe kwa orodha ya udahili, si wale walioteuliwa na mwalimu.

Kiwengwa: Naongeza upande wa waajiri, maana hapo ndipo panapoharibika sana. Chukueni kozi ya hoteli na utalii: kikao cha wadau hufanywa siku moja, na hoteli humleta ofisa utumishi. Huyo anajua mishahara, hajui jikoni. Aitwe mpishi mkuu na msimamizi wa mapokezi, wapewe orodha ya matokeo ya ujifunzaji, yaani yale mwanafunzi anayotakiwa kuyaweza, wiki mbili kabla, waulizwe kwa kila moja: mwanafunzi wa fildi analiweza hili bila kusimamiwa? Tena itazameni ratiba ya fildi. Ikiangukia Aprili na Mei, masika, hoteli nyingi za pwani zimefunga au zina wageni wachache, na mwanafunzi anamaliza wiki zake akipanga taulo. Kwenye mtaala krediti zinahesabiwa zote: krediti 12 ni saa 120 za kazi. Hakuna dodoso la darasani litakaloligundua hilo. Daftari la fildi linaonyesha, siku kwa siku, likifunguliwa.

Mhesabu: Hiyo sehemu ya "wahitimu wako wapi" isitolewe bila idadi kamili, nawaombeni. Chukulieni wahitimu 200. Waliojibu 50, wenye kazi 40. Ripoti itaandika asilimia 80 wameajiriwa. Tunachokijua hasa ni watu 40 kati ya 200, na wasio na kazi ndio wasiopenda kujibu. Dawa yake huanza siku ya kuchukua cheti: namba mbili za simu, ya mhitimu na ya jamaa, kisha kupigiwa baada ya miezi 6 na baada ya miaka 2. Fomu ya barua pepe pekee haitoshi.

Mwera: Nakubali hayo yote, na la Darajani nakubali nusu. Kujitathmini kubaki ndani, lakini ripoti ya wataalamu wa nje itoke nzima, pamoja na jedwali.

Darajani: Jedwali tu. Wataalamu nao ni walimu wa vyuo jirani, leo anakutathmini, kesho unamtathmini wewe. Ukiichapisha ripoti yake, atapunguza ukali.

Mchangamdogo: Basi angalau mmoja atoke nje ya Tanzania, Afrika Mashariki ni pana. Na jedwali likitoka, kila mstari uwe na ushahidi wa kukaguliwa baada ya miezi 12. "Kuimarisha maktaba" hakukaguliki. "Nakala 20 za kitabu cha lazima, kampasi ya Pemba, kabla ya muhula wa kwanza" mwanafunzi mwenyewe anaweza kwenda rafuni akahesabu.

Darajani: Hilo naliunga mkono. La ripoti nzima, bado sijashawishika.