Naombeni ushauri: kusikiliza mwili kunaongeza hofu badala ya kuituliza

Mleta mada: Habari wakuu. Nauliza kwa wanaoijua tiba ya hisia kupitia mwili. Maelekezo mengi yanasema lala chali, fumba macho, sikiliza mwili kuanzia unyayoni hadi utosini kwa dakika 20, na panapobana uvute pumzi nyingi. Ndugu anayejaribu akifika kifuani moyo unakwenda mbio, vidole vinakufa ganzi. Ajikaze aendelee? Na mtaalamu wa kweli anatambulikaje?

Kiganja: Asijikaze hata kidogo. Maelekezo hayo yanamfaa mtu mwenye uchovu tu. Mwili uliobeba kiwewe, yaani jeraha la nafsi lililoachwa na tukio la kutisha, ukilazwa chali macho yamefumbwa, hauna namna ya kuhakikisha kwamba uko salama, ndiyo maana unapiga kengele.

Akae kwenye kiti chenye egemeo, nyayo sakafuni, macho wazi. Ageuze shingo taratibu akitazama mlango, dirisha, pembe za chumba, jicho likitua sekunde tatu nne kwa kila kitu. Hapa ndipo wengi wanaparuza. Asubiri mpaka mwili wenyewe uitikie: mabega yashuke, mwayo uje, au pumzi ndefu itoke bila kuitwa. Ndipo atafute sehemu isiyo na shida, hata ikiwa ni kiganja tu, akae nayo nusu dakika. Kisha asogelee ukingo wa pale panapobana, si katikati, kwa sekunde 10, arudi kiganjani. Apime mfadhaiko kwa 0 hadi 10. Ukifika 5 anarudi, hangoji 8. Mizunguko mitatu kwa siku inatosha. Huko kwenda na kurudi kwa dozi ndogo ndiyo nguzo ya Somatic Experiencing, njia ya kutibu kiwewe kupitia mwili iliyoanzishwa na Peter Levine.

Pumzi Fupi: Ganzi ya vidole huenda inatokana na kupumua kupita kiasi. Kabonidayoksaidi ikipungua kwenye damu, vidole na midomo vinachoma, kichwa kinazunguka, kifua kinabana, na mtu anaona anakufa. Kwa hiyo asivute pumzi nyingi. Avute kidogo kwa pua akihesabu 4, atoe akihesabu 6, dakika mbili tatu. Habari za kupumulia kwenye mfuko wa karatasi aachane nazo. Mwenye pumu au moyo anaweza kudhurika.

Na kabla ya yote daktari apime moyo, tezi ya shingo na wingi wa damu. Si kila moyo unaokwenda mbio ni hisia.

Mleta mada: Shukrani sana. Na tumboni anasema hasikii chochote kabisa, kama ubao.

Kiganja: Kutosikia nako ni jibu, ni kujikinga kwa mwili. Asichimbe. Atumie misuli: asukume ukuta kwa viganja sekunde 5 hadi 7, aachie sekunde 20, alinganishe mikono ilivyokuwa na ilivyo sasa. Akianza kuduwaa, macho yakiganda au sauti zikisikika kwa mbali, asimame atembee, ataje kwa sauti vitu anavyoviona.

Mizani: Kuhusu mtaalamu: awe na mafunzo ya afya ya akili kwanza, njia ya mwili iwe nyongeza. Muulizeni amesomea wapi na nani anamsimamia. Kama anagusa, aeleze wapi na kwa nini, aombe ruhusa kila mara, nguo zibaki mwilini, na "hapana" isihojiwe. Anayedai lazima ulie au utetemeke ndipo upone, mkimbieni. Kutetemeka kunaweza kuja kwenyewe. Kukilazimishwa kunaweza kumrudisha mtu kwenye tukio.

Semeni ukweli pia: kwa msongo baada ya kiwewe, mwongozo wa WHO wa 2013 ulipendekeza tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, pamoja na EMDR, tiba ya kukumbuka tukio huku macho yakifuata kitu kinachosogea. Hizi za mwili utafiti wake bado ni mdogo. Na ikiwa ndugu huyo anapoteza kumbukumbu za saa nzima, au anawaza kujidhuru, mazoezi ya peke yake yasimame leo hii, aonwe na daktari.