Kwa nini atomu na viini vinapimwa kwa eV (elektronivolti) na si jouli?

Binti wa Isevya, Tabora

Habari za jioni wakubwa zangu. Niko kidato cha sita, PCM. Juzi kwenye jaribio tuliulizwa: elektroni iliyokuwa imetulia imesukumwa na volti 200, tafuta mwendo wake. Nikaandika nishati ni 200 eV, nikaiingiza hivyohivyo kwenye ½mv², nikapata mita 2.1 × 10¹⁶ kwa sekunde. Karatasi imerudi na alama ya kosa tu, bila neno. Wenzangu wameniambia nilipaswa kuzidisha kwa 1.6 × 10⁻¹⁹. Sawa, hilo nitalikariri. Ila kinachonikera ni hiki: kama mwisho wa yote tunarudi kwenye jouli, hii eV ya nini? Na tukifika kwenye viini inageuka MeV, hicho ni kipimo kingine?

Fundi wa Kibirizi, Kigoma

Mwanangu, kabla hujafunga jibu, litazame. Mwanga wenyewe unakwenda mita 3 × 10⁸ kwa sekunde. Elektroni yako imeupita mara milioni 70! Ukiona hivyo rudi nyuma, kuna kipimo umekiruka. Jibu ni kama 8.4 × 10⁶.

Usikariri. Mimi natengeneza taa za wavuvi wa dagaa hapa mwaloni. Zamani mitumbwi ilitoka na karabai, siku hizi ni LED na betri. Jana, baada ya kusoma swali lako, nilichukua betri mbili za tochi zilizochoka, nikazifuatanisha, mita ikasoma volti 2.2. Nikagusisha LED nyekundu: ikawaka, hafifu lakini ikawaka. Nikagusisha ya bluu: kimya. Nikaleta jozi mbili nyingine zilizochoka vilevile, nikaziunga sambamba na ile ya kwanza. Nishati iliyopo mezani sasa ni mara tatu, na bluu bado kimya. Nikatoa zote, nikaweka betri mbili mpya, volti 3. Ikawaka papo hapo.

Kwa nini? Kwa sababu mle ndani kila elektroni hutoa fotoni yake, yaani chembe moja ya mwanga, kwa nishati iliyopewa yenyewe. Fotoni nyekundu inadai kama 2 eV, ya bluu kama 2.7. Elektroni iliyosukumwa na volti 2.2 ina 2.2 eV mfukoni, basi. Elektroni mbili hazichangiani kununua fotoni moja ya bluu, hata ukizileta bilioni.

Hiyo ndiyo kazi ya eV: inapima nishati ya chembe moja, na namba yake unaisoma kwenye volti. Jouli inafaa kupima betri nzima. Ukiipeleka kwa chembe moja, 2.2 eV inakuwa jouli 3.5 × 10⁻¹⁹, namba isiyokuambia kitu kuhusu taa.

MeV ni eV milioni moja, kama gramu na tani. Chukua mkaa wa huko kwenu Tabora. Atomu moja ya kaboni ikiungua yote inatoa kama 4 eV. Kiini kimoja cha urani-235 kikipasuka kinatoa kama 200 MeV. Gawanya: mara milioni 50. Nina miaka mingi na hesabu hii na bado inanisisimua. Moto wa jikoni unagusa elektroni za nje tu, na hizo zinashikwa kwa eV chache. Hata hidrojeni, kuing'oa elektroni yake ni 13.6 eV. Kwenye kiini kama cha urani, kila protoni na nyutroni imeshikwa kwa wastani wa karibu MeV 8.

Dada wa Eksirei, Kigoma mjini

Shikamoo fundi. Naongezea la kazini kwangu. Nikiweka mashine kilovolti 70, hakuna elektroni itakayogonga chuma mle ndani ikiwa na zaidi ya 70 keV, yaani eV elfu 70, kwa hiyo hakuna fotoni ya eksirei itakayozidi hapo. Nyingi zinakuwa chini, na sehemu kubwa ya nishati inaishia kuwa joto.

Mdogo wangu, angalia mtego mmoja: volti na eV zinalingana namba pale tu chaji ni moja. Chembe ya alfa ina chaji mbili, volti 200 zinaipa 400 eV.

Binti wa Isevya, Tabora

Shikamooni. Kwa hiyo ile 1.6 × 10⁻¹⁹ ni chaji ya elektroni yenyewe?

Fundi wa Kibirizi, Kigoma

Marahaba, mwanangu. Ndiyo hiyohiyo! Volti mara chaji ni nishati. Tangu 2019 imewekwa kamili, 1.602176634 × 10⁻¹⁹, na eV moja ni jouli za namba hiyo. Sasa rudia swali lako kwa protoni, volti zilezile 200.

Binti wa Isevya, Tabora

Imetoka mita 1.96 × 10⁵ kwa sekunde. Nimeilinganisha na mwanga kwanza.