Mjadala: Mtoto wa darasa la tatu asomewe nafasi yake mbele ya wazazi wote?

Mama wa Mbagala

Wanajamvi, salaam. Naleta hoja iliyoninyima usingizi tangu shule zifungwe.

Siku ya kikao cha wazazi tulikaa chini ya mwembe, watoto wamepangwa mistari mbele yetu. Mwalimu wa darasa akaita kumi bora, kila mmoja akapewa daftari na kalamu mbili, tukapiga makofi. Hapo sina neno. Kisha akageuza karatasi, akasema, "Sasa tuwaone wanaotuangusha." Akasoma majina kumi ya mwisho, na kila aliyetajwa anasimama. Wa kwangu alikuwa wa 47 kati ya 52. Ana miaka 9. Alisimama ameng'ang'ania mkanda wa begi kwa mikono miwili, macho yako kwenye viatu, huku wenzake nyuma wanacheka.

Nyumbani nikamwomba ripoti, akasema imepotea. Jioni nafua soksi za shule nikaikuta humo, imekunjwa na kukunjwa mpaka imekuwa ndogo kama kiberiti. Nikaikunjua. Kulikuwa na jambo ambalo chini ya ule mwembe halikusomwa: Hisabati muhula uliopita alipata 18, safari hii 34. Huyu mtoto alikuwa akikaa na dada yake kila jioni wakihesabu vifuniko vya soda, mpaka hesabu za kutoa zikamwingia. Sasa ukimwambia alete daftari anakujibu, "Mama, mimi ni kilaza." Neno hilo nyumbani kwangu halisemwi.

Msimamo wangu ni huu: nafasi isisomwe hadharani kwa mtoto yeyote, na kuanzia la kwanza hadi la nne isiandikwe kabisa kwenye ripoti. Baraza la Mitihani lenyewe, lilipotangaza matokeo ya kidato cha nne Januari 2023, liliacha kutaja wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Ikiwa hata waliofanya vizuri hawatangazwi tena, sisi tunapata wapi haki ya kumsimamisha mtoto mdogo kwa kuwa amefanya vibaya?

Mwalimu wa Dodoma

Mama, pole sana. Nafundisha mwaka wa 14 sasa. Kusoma kumi za mwisho ni kosa, sitalitetea. Ila kufuta nafasi nakataa.

Darasa langu lina watoto 118, wakati kiwango kilichowekwa ni 45 kwa mwalimu mmoja. Ripoti ikitoka, mzazi haangalii alama, anauliza, "Amekuwa wa ngapi?" Kuna mwaka tuliiacha ile safu wazi kwa darasa la pili. Wazazi walijaa kwa mwalimu mkuu wakisema tunaficha uzembe wetu. Halafu alama peke yake inadanganya. Mtihani ukiwa mwepesi wote wanapata 80, mzazi anafurahi, mtoto anafika kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne ndipo ukweli unajulikana. Nafasi inamwambia mzazi mtoto wake amesimama wapi. Tukimlea kama yai, mtihani wa la saba hautamhurumia.

Mzaliwa wa Tukuyu

Shikamoo mwalimu. Naomba nikupinge kwa heshima, nafasi nayo inadanganya.

Kuanzia la tatu hadi la saba sikuwahi kuwa wa pili. Nikachaguliwa kwenda shule ya vipaji maalum. Bweni zima, kila uliyemuuliza alikuwa wa kwanza kwao. Mtihani wa kwanza nikawa wa 83. Akili ni ile ile na nilikesha kuliko nilivyokesha kijijini, lakini nilianza kukaa viti vya nyuma na kuacha kunyoosha mkono hata kwa swali ninalolijua. Likizo ya kwanza nilimwambia baba anihamishie shule ya kata.

Miaka mingi baadaye ndipo nikasoma kwamba mwanasaikolojia Herbert Marsh, akiwa Australia, alilichunguza jambo hili tangu miaka ya 1980. Ukichukua wanafunzi wawili wenye uwezo sawa, yule aliyewekwa kati ya wakali hujiona dhaifu kuliko yule aliyebaki darasa la kawaida. Marsh anafananisha na samaki anayejiona mkubwa kwenye kidimbwi kidogo, ila akitiwa ziwani anajiona mdogo. Kwa hiyo ile namba inapima waliokaa na mtoto pia. Huyo wa 47 huenda shule ya jirani angekuwa wa 12, na angerudi nyumbani anaruka.

Baba Mapacha

Mimi nilikuwa mshika mkia, nikachapwa na kuchekwa. Aibu ile ndiyo iliyonisukuma, leo nina duka langu na nasomesha wanne. Msiwadekeze watoto.

Mama wa Mbagala

Kaka yangu Baba Mapacha, hongera kwa ulipofika, nasema kutoka moyoni. Ila siku ile hukusimama peke yako. Wale wengine tisa wako wapi? Aliyevunjika moyo akaacha shule hayupo hapa kutusimulia.

Kuna kitu nataka kieleweke, maana naona neno kudekeza linarudi. Sitaki mwanangu adanganywe kwamba yuko vizuri. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura aliandika juu ya imani ya mtu kwamba kazi fulani anaiweza. Alieleza kuwa chimbuko lake kubwa ni mtu kuifanya kazi hiyo mwenyewe na kuona imefaulu, na kwamba mwenye imani hiyo hujitupa kwenye lililo gumu zaidi na hachoki haraka. Kutoka 18 hadi 34 ndiko kufaulu kwenyewe! Alikuwa ameshakipata kitu hicho kwa vifuniko vya soda. Sisi watu wazima ndio tuliomnyang'anya kwa dakika moja.

Hata wale kumi bora nina wasiwasi nao. Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha mwaka 1998 kwamba watoto waliosifiwa kwa akili zao, walipokutana na maswali magumu, walikata tamaa mapema kuliko waliosifiwa kwa bidii. Yule wa kwanza anayeambiwa kila muhula "una akili sana" ndiye Mzaliwa wa Tukuyu akifika bwenini.

Mwalimu, hoja yako ya mtihani mwepesi ni ya kweli na sikuwa nimeifikiria. Basi andikeni wastani wa darasa pembeni ya alama: darasa 51, mtoto 34, muhula uliopita 18. Mzazi ataona mtoto yuko nyuma, na ataona anapanda. Singapore, ambao kwa Hisabati wanatajwa dunia nzima, waliondoa nafasi kwenye ripoti za shule za msingi na sekondari mwaka 2019. Na kuhusu wazazi kuuliza "wa ngapi", ni kweli. Mimi mwenyewe ndilo swali la kwanza nililomuuliza.

Mwalimu wa Dodoma

Hilo la wastani nalikubali. Alama za muhula uliopita tunazo kwenye daftari la maendeleo, kazi ni kuzinakili mara 118 kwa kila somo, na wanaodai ripoti kwa wakati wajue hivyo. Kwa la tano hadi la saba bado nataka nafasi iandikwe, ila mzazi apewe mkononi, isitangazwe.

Mama wa Mbagala

Kwa la tano na kuendelea sitagombana nawe, mwalimu wangu. Wadogo ndio wananiuma.

Shule zikifunguliwa Jumatatu nitakwenda kumwona mwalimu wa darasa, na ripoti naibeba hivyo hivyo na mikunjo yake. Nitamwonyesha 18 na 34, halafu nimwombe kumi za mwisho zisisomwe tena. Aliyewahi kupeleka ombi kama hili anisaidie: ulianzia kwa mwalimu wa darasa, kwa mwalimu mkuu au kwenye kamati ya shule, na ulijibiwaje?